Kaka Hamisi, Mwanasiti Ataka Ufundi wa Mafriji

Kaka yangu Hamisi,

Shikamoo. Marahaba nitajiitikia mwenyewe, maana huko uliko sijui kama watu hujibizana. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, ila goti langu la kushoto, lile ulilokuwa ukilicheka, siku hizi linajua mvua kabla ya redio. Anayeandika ni Mwanasiti, mjukuu wangu, mwana wa Saumu. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwambia asinirekebishe, na asiruke kitu hata kama kinamhusu yeye, na chote kinamhusu yeye.

Niko mashakani, kaka. Kesho Jumatatu Mwanasiti anatakiwa mahali pawili. Hoteli moja ya Diani inamtaka asubuhi aanze kibarua cha dobi, kufua mashuka na kuyakunja. Na chuo cha ufundi kule upande wa Matuga nacho kinamtaka asubuhi hiyo hiyo, aanze kusomea mafriji na viyoyozi, zile mashine za ukutani zinazotoa baridi. Miaka miwili. Asipofika kesho nafasi anapewa mwingine, huku na huku. Na watu wote wa nyumba hii walinikodolea macho mimi, niseme.

Ungekuwepo nisingesumbuka. Wewe ndiye uliyekuwa mjomba wa wanangu, na kwetu mjomba akisema, hata baba mtu hunyamaza akanywa kahawa yake.

Wakumbuka ulivyoingia hotelini? Shule hukuijua, kalamu hukuishika. Ulikwenda kuuza pweza mlango wa nyuma, mpishi akakuambia, "We, hebu nisaidie hizo sufuria," ukazisugua, ukasugua, mpaka ukawa mpishi. Hakuna aliyekuuliza karatasi. Siku moja ukaniletea barafu, umeifunga kwa taulo la jikoni, ukaja mbio kutoka barabarani kama unakimbizwa na nyuki. Ulipofungua, taulo limerowa tu. Nikakuambia, "Kaka, umenibebea maji kutoka Diani, kwani kisima chetu kimekauka?" Ukanuna! Siku ya pili ukaja na pande kubwa, nikatia mdomoni, meno yakafa ganzi, nikapiga shahada nikidhani ndiyo safari. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Mwanasiti naye anacheka hapa. Andika, mwanangu.

Nakumbuka pia siku uliyomjia Saumu. Alikuwa darasa la nane, mtihani u karibu. Baba yake alikuwa ameshatutoka, na ndani hamna kitu. Ulikuja na shati lako jeupe la kazi, hukukaa, ukasema, "Nimemtafutia nafasi ya dobi. Kazi haina subira, shule ipo." Ulikuwa umeshatoa neno kwa mkubwa wako. Mimi nikatia chai, Saumu akaenda kufunga nguo zake. Basi, ikaisha.

Na kazi ile ilitulisha, siwezi kuikufuru. Mabati ya nyumba hii ni mikono ya Saumu. Lakini kaka, mpaka leo mwanangu ni kibarua. Hoteli ikijaa, anaitwa. Mvua zikiingia, wageni wakaondoka, anaambiwa akapumzike nyumbani, na mapumziko hayo hayana mshahara. Msichana mmoja alikuja pale na cheti chake cha hoteli, Saumu akamwonyesha kukunja shuka, na sasa huyo ndiye anayempangia zamu. Si mbaya, ana adabu zake, humwita Saumu mama. Lakini yeye mshahara wake ni wa mwezi, wa Saumu ni wa siku. Siku moja ya Saumu ni unga, dagaa, sukari ya kupima na nauli ya kesho. Akiumwa, hata huo unga hamna.

Kwa hivyo nikasema, mimi sikusoma, lakini mdomo ninao. Nitakwenda kuuliza. Wiki iliyopita nikajikokota na goti langu mpaka Ukunda, Kona ya Musa, kwa Mama Kevo. Humjui, alikuja nyuma yako. Ni mtu wa bara, Mkristo, anauza nyanya na vitunguu, na mkono wake wa kupimia ni mwepesi, hanyimi. Pale mbele yake ndipo wanapokaa vijana asubuhi kungoja kazi. Nikakaa kwenye kreti, kila anayekuja namuuliza, "Baba, umesoma mpaka wapi, na unapata nini?"

Mmoja akaniambia, "Bibi, wewe ni wa sensa au wa mikopo?"

"Mimi ni wa Milalani. Jibu."

Kaka, niliyoyasikia! Ambaye hakusoma anabeba mawe machimboni, anarudi mweupe kama jini, na anamzidi Saumu kipato kidogo, ila mgongo utamwisha mapema. Wa fomu foo ndio wamejaa kama dagaa kwenye karai. Nikamwambia mmoja kuwa mjukuu wangu naye ana fomu foo, akasema, "Karibu, tutamsogelea akae." Hata ulinzi wa getini, kazi ya babu zetu waliokuwa na rungu na koti, siku hizi wanataka karatasi ya mafunzo. Wengine walikuwa mgodini, wakipata mshahara wa kupendeza, mgodi ukafungwa, sasa wote ni bodaboda, wanagombania abiria mmoja kama kunguru na kichwa cha samaki.

Nikafurahi moyoni, nikasema basi ni kusoma tu, kadiri mtu anavyosoma ndivyo anavyopata. Hapo akaja kijana mmoja msafi, shati limechomekwa. Nikamuuliza umesoma mpaka wapi. Akasema, "Mimi, bibi, nilisoma mpaka vitabu vikaniambia basi." Ana digrii ya biashara.

"Na unapata nini?"

"Napata kuamkiwa vizuri."

Wenzake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Yule ana mama yake mahali, na mama yule aliuza kitu.

Mama Kevo, anayeniita shosho, ndiyo bibi kwa lugha ya kwao, akaniona nimepoa, akaniambia, "Shosho, nisikize mimi. Fundi ya AC hapa hakuna. Hizi hoteli zinatoa watu Mombasa. Kevo wangu alifanya certificate tu, na saa hii hata simu yangu hashiki. Akiingia kwa nyumba moja ya mzungu asubuhi, akitoka hivi, ni gunia ya mchele."

"Basi mjukuu wangu asome hiyo."

"Asome. Lakini Kevo ni kijana, shosho. Na alishikwa mkono na uncle yake. Sasa msichana, atashikwa mkono na nani? Hii job ni connection."

Nikarudi nyumbani na nyanya za bure na moyo mzito kuliko niliokwenda nao.

Ijumaa baada ya sala akaja Bakari, mwanangu, kakake Saumu. Yeye ndiye mjomba sasa, kiti ulichokiacha ndicho alichokalia. Ana mashua, hupeleka wageni Funzi, na wageni wenyewe hupewa na mkubwa wa hoteli ile ile inayomtaka Mwanasiti. Huyo ndiye aliyemwahidi nafasi ya Mwanasiti. Akaingia na kilo ya samaki wakavu wa ng'onda, uso wa furaha.

"Mama, nimeshatoa neno. Jumatatu anaanza."

Mwanasiti akasema kutoka jikoni, "Shikamoo mjomba. Mimi nimepata chuo."

"Marahaba. Chuo cha nini?"

"Mafriji."

"Utapanda ngazi na buibui?"

"Nitavaa suruali, mjomba, buibui nitalitundika."

"Na ukimaliza hiyo miaka miwili, nani atakupa kazi? Watoto wa watu wamesoma mpaka Nairobi, wako hapa wanauza kadi za simu."

"Na nikianza dobi, miaka miwili nitakuwa nani?"

"Utakuwa umekula."

Kaka, nilimpenda pale Mwanasiti, na nilimwogopea. Bakari naye hakusema uwongo, ndilo linaloniumiza. Karo ya mwanzo tumetoa mbuzi wangu wawili, wa tatu anakohoa, muhula ujao sijui tutatoa nini. Na kama atamaliza, halafu zile hoteli ziendelee kuita mafundi Mombasa? Na kama mvulana mmoja mjinga atamwangushia ngazi akiwa juu?

Hapo Mwanasiti ameniuliza, "Bibi, hayo ya mbuzi kukohoa niyaandike?" Nimemwambia ayaandike, mjomba wa mamake alikuwa akiwajua mbuzi wale.

Saumu aliporudi jioni ile kutoka kazini, vidole vimejikunja kwa maji, nikamweleza yote. Nikamuuliza, "Mwanangu, wewe ndiye mama, wasemaje?" Akavua viatu, akakaa. Kisha akasema, "Mimi sisemi, mama. Mimi nilisemewa."

Basi. Akainuka akaenda kuoga.

Sikulaumu, kaka, na hili andika vizuri, Mwanasiti. Kulikuwa na njaa, na wewe ulileta chakula. Lakini neno lile limenikaa kifuani tangu Ijumaa. Siku ile ulisema wewe, nikatia chai mimi, na Saumu hakuna aliyemgeukia.

Leo baada ya adhuhuri nimemgeukia huyu. Nimemuuliza, "Wataka nini wewe mwenyewe?" Akasema, "Chuo, bibi. Naogopa, lakini chuo." Nikamwambia kama unaogopa tuko wawili, nipigie Bakari.

Bakari akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, yule bwana nitamtazama vipi? Wageni wake ndio mafuta ya mashua yangu."

"Mwambie mamako amekataa. Mwambie ni kizee, hakikusoma."

"Nimetoa neno, mama."

"Najua. Na mimi nakuomba ulirudishe."

Akasema, "Kama neno langu halina uzito, mimi mjomba wa nini? Msiniite tena." Akakata. Tumempigia tena, na tena, simu inaita tu, haishikwi.

Saumu alikuwa mlangoni, kayasikia yote. Amewasha pasi ya makaa, ananyoosha nguo za mwanawe za kesho, na amezigeuza kola mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Huku ndiko nilikofika. Labda nimempatia mjukuu riziki ya kudumu. Labda nimempeleka akae na yule kijana wa kuamkiwa vizuri, na nimempoteza mwanangu wa kiume juu yake, na wageni wa Funzi wamekwenda kwa mashua nyingine. Sijui, kaka. Nimekwenda kuuliza kote nilikoweza, na hakuna aliyeniambia kesho.

Nilikuwa na moja tu la kukuuliza, na nasikitika sikukuuliza ulipokuwa hai, tukikaa pale uani tunapiga soga za ovyo. Siku ile ulipotoa neno juu ya Saumu, uliporudi kwako, usingizi uliupata?

Mungu akulaze pema. Mwanasiti anasema mkono umechoka, na asubuhi ana safari.

Ni mimi dada yako, uliyeniachia wapwa zako hawa.