Maporomoko ya Chatu Wako

Kaka mpendwa,

Sisi hatujambo, ila chatu uliyeniachia anaumwa. Nilimtengenezea maporomoko ya maji ndani ya kizimba chake kwa pampu, mawe na chupa niliyoikata. Wanafunzi wenzangu wakaja kuyatazama, nikawaeleza yanavyofanya kazi, nao wakanitania mimi niliye mkimya darasani, "Kumbe bubu anaongea!" Nilifurahi, kaka. Kisha nikaona malengelenge kwenye tumbo la chatu, kwa kuwa kizimba kizima kilikuwa kimelowa. Nilijua natakiwa kuzima maji, lakini wenzangu walikuwa wameahidi kurudi Jumamosi, nikayaacha.

Sasa nimeizima pampu, na chatu analala pakavu. Daktari wa mifugo anasema huenda asipone.

Jana wenzangu waliuliza maji yamekwenda wapi. Nikawaambia pampu imeharibika. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa ukweli.

Ni mimi,
mdogo wako