Niliyemwona Nyuma ya Shuka

Kwa mdogo wangu Somoe, huko Chunyu.

Hujambo, mwenzangu? Na magoti yako hayajambo? Mimi huku Nachingwea nipo, nakula, ila vumbi la matrekta ya karanga limenikaa kifuani.

Nimesikia unataka kumwaga unga wa mtama kwenye mti, kumwombea mwanao Saidi kama aliyekufa, maana tangu aende vitani hajarudi, ili mke wake aolewe. Ngoja kwanza nikwambie.

Ile sinema niliyokwambia ya upuuzi, ya mji uliozama ziwani na watu wake wanaishi humo humo majini, imerudi. Mara ile nilikaa mbele, nikasinzia, nikajuta kwa nini sikubaki nyumbani nikaange korosho zangu. Safari hii wanawake tumetandikiwa mikeka nyuma ya shuka ile wanayomulikia picha. Weee! Watu wale wale, lakini wote mashoto. Wanakula kwa kushoto, wanapeana mkono wa kushoto. Si bibi yetu alisema wafu hufanya kila kitu kwa kushoto? Sasa ndiyo nikaielewa, na macho siyatoi.

Mara akapita mchota maji, kata iko mkono wa kushoto. Saidi! Mashoto wako yule, tuliyekuwa tukimfunga mkono kwa kitambaa ale kwa kulia. Mara ile alipita mbele yangu nisimjue. Nikaita, "Saidi!" Akageuka, Somoe. Akanitazama mimi.

Karani jirani anayeniandikia ananiambia, "Mama, ukikaa nyuma ya shuka kila mtu anakuwa mashoto."

"Andika, baba. Sikukuuliza."

Nililia, nikasema basi, yuko kwa wafu. Halafu nikafikiri. Alipoondoka alikuwa kijana mwembamba. Huyu ana tumbo, na upara umeanza kama wa marehemu mumeo. Mfu anabaki alivyokufa. Huyu anazeeka, Somoe. Yuko mahali, anakula.

Unga huo usiumwage. Songeni ugali mle.

Nisalimie shemeji fundi cherehani, na shangazi mkunga, kama bado anasikia. Mke wa Saidi mpe salamu zake peke yake. Najua amechoka. Mwambie asimjibu bado yule mwanaume wa Ruangwa anayemposa.

Ni mimi dada yako, Fatuma binti Issa. Hapa chini ni dole gumba langu, la mkono wa kulia.