Mivumo Iliyonyooka

Jumatatu, 7 Januari 2019

Mvua imekatika, tumerudi kazini. Udongo umelainika, reki inaingia vizuri. Bomu moja leo, saa tatu na robo. La nane tangu nipewe njia hii ya kufukua. Nimeita msimamizi, nimerudi nyuma, nimekaa chini ya turubai na chai ya tangawizi, nusu nikaimwaga mapajani. Miaka mitatu nafukua mabomu na mikono bado haijazoea. Aibu!

Suthi wa njia ya jirani akanicheka. Ati mabomu yananipenda kuliko mume wangu. Nikamwambia njoo uchukue vyote viwili. Akasema hapana shoga, wangu alinitosha. Wake alikufa vitani, na hadi leo anamtania marehemu wa watu!

Kutoka ninapofukua nakiona kisima cha mama mkwe. Hatua arobaini hivi. Nyuma ya kisima ndio uwanja wake. Nyumba haipo, jiko halipo, mfenesi haupo — ila yeye anaviona vyote. Jioni hii tena, mfenesi! Miaka ishirini aliumwagilia, ndoo mbili asubuhi, mbili jioni, kutoka kisimani hadi shinani, kwa miguu yake hii hii. Nimesikia habari za mfenesi huo mpaka nimechoka.

Kanunua chungu kipya. Pongal, sikukuu yetu ya mavuno, ni Jumanne ya wiki ijayo, na mwaka huu anataka maziwa yachemke hadi yafurike chunguni, ndiyo baraka yenyewe, uwanjani kwake, jua likichomoza, si hapa kwenye banda la mabati la kupewa. Ana miaka sitini na nane. Anasema akifa kabla, tusijisumbue kumpikia.

Jumanne, 8 Januari

Nimeona kitu. Afadhali nisingekiona.

Kati ya njia zetu na kisima imeota mivumo michanga, mitende ile ya majani kama pepeo, inanifika kifuani. Naipita kila siku. Huku kwetu nani anaangalia mvumo? Leo wakati wa mapumziko jua lilikuwa ubavuni, vivuli vikalala upande mmoja, nikaona mstari. Umenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Hatua saba, mvumo. Hatua saba, mvumo. Mbegu inayoanguka yenyewe haihesabu.

Nikaangalia vigingi vya njano, pale nilipotoa mabomu yangu. Kila kimoja kipo hatua tatu kaskazini mwa mvumo. Vyote vinane!

Ramani ya ofisini inasema mstari wa mabomu unaishia kisimani. Mivumo nayo inaishia hapo. Isipokuwa mmoja. Ng'ambo ya kisima, pembeni mwa uwanja wa mama mkwe, umesimama mvumo mmoja peke yake.

Jioni nikamsimulia Kugan, kama mke anavyomsimulia mumewe ya kazini. Alikuwa anakula. Tonge likabaki mkononi. Akanawa, akatoka nje.

Ni mwaka wa sita tangu niolewe naye. Walimchukua akiwa na miaka kumi na saba, enzi zile kila nyumba ilitoa mtoto mmoja kwa wapiganaji, upende usipende. Siku zote ameniambia kule alikuwa mpishi. Mpishi! Mtu asiyejua kuchemsha dengu.

Jumatano, 9 Januari

Nimemwendea Bwana Inbarasa, msimamizi wetu. Nimemwonyesha mivumo. Nikamwambia uwanja ule usirudishwe kwa wenyewe kabla haujapitishwa reki.

Akaangalia mivumo, akaangalia saa. Akasema binti, mivumo huota hadi makaburini. Uwanja ule ramani inasema hauna kitu, karatasi zimetiwa saini asubuhi ya leo, vigingi vyekundu vya hatari vimeng'olewa. Niletee bomu moja kutoka mle. Au niletee mtu aliyeyatega, aje anionyeshe.

Kisha akashusha sauti. "Ila ukiniletea mtu, Malar, jina lake nitaandika. Na nikishaliandika si langu tena. Unanielewa?"

Nimemwelewa. Mungu wangu, nimemwelewa vizuri sana. Sikuwa nimetaja mtu yeyote.

Jumatano hiyo hiyo, jioni

Mama mkwe amepewa karatasi yake. Hajui kusoma. Ameibusu, ameiweka chini ya picha ya mungu wetu Murugan, akaanza kupepeta mchele mpya. Anaimba!

Alhamisi, 10 Januari

Kugan amesema. Tulikuwa tunachota maji bombani, watu wameshaondoka.

Hakuwa mpishi. Nilikuwa najua. Ila kujua na kuambiwa ni vitu viwili.

Walikuwa hawana ramani ya maana, na zilizokuwapo zilichomwa. Kamanda akawaambia kila bomu, hatua tatu kusini, zika mbegu ya mvumo. Vita vikiisha mtarudi mtayafuata. Mstari mzima hadi kisimani, yeye na wenzake wawili. Wenzake wamekufa. Kisha uwanja wa mama yake. Aliomba wamwachie huo. Wakamwambia basi utautega mwenyewe, kwa kuwa unaujua.

Kumi na moja. Nyuma ya kisima yako kumi na moja.

Nikamuuliza, mbona ng'ambo kuna mvumo mmoja tu? Akacheka. Haki ya Mungu angelia ningevumilia, lakini alicheka! Mbegu za uwanjani ziliota vizuri. Miezi mitatu tu, zikawa na mizizi minene. Sasa wewe zika mbegu za mvumo mahali penye watu wenye njaa, halafu usubiri. Wenzake wakazifukua usiku, wakazichemsha kwa chumvi. Hata yeye alikula, hakujua zimetoka wapi mpaka asubuhi.

Kumbe alama tuliziweka kwa chakula! Ni sisi tu duniani tungefanya hivyo.

Nikamwambia twende kwa Inbarasa. Akasema hapana. Baada ya vita walimfunga kambini miaka miwili. Wakati ule walimwuliza ulifanya kazi gani, akasema mpishi, wakamwandika mpishi. Leo akisema vingine watamrudisha, na safari hii hakuna wa kumhesabia miaka. Nikamwambia, na mama yako? Akabeba ndoo akaondoka.

Ijumaa, 11 Januari

Suthi.

Jumamosi, 12 Januari

Jana sikuweza.

Saa nne na dakika kumi. Nilisikia mlio nikalala chini kama tulivyofundishwa. Kisha nikasikia sauti yake ikiita mama yake. Suthi ambaye hamwiti mtu! Mkono wa kulia umekatwa juu ya kifundo. Kioo cha uso kiliyaokoa macho.

Niliona lilipokuwa bomu lile. Hatua tatu kaskazini mwa mvumo wa tano wa njia yake. Mvumo huo nilikuwa nautazama tangu Jumanne. Ningemwambia "Suthi, angalia hapo", maneno matatu, angeingia kwa ubavu, polepole, kwa reki ndogo. Sikumwambia. Niliogopa ataniuliza nimejuaje. Nilimficha mume wangu nyuma ya mkono wa rafiki yangu.

Leo nimekwenda hospitali. Mkono umefungwa kitambaa kikubwa kama mtoto. Akaniona nalia akasema nyamaza, we mwanamke, watadhani ni wewe uliyekatwa. Reki yangu, akasema, mpe mtu asiye na pupa. Nikamlisha uji. Nilifungua kinywa nimwambie mara nne, nikafunga mara nne. Mimi ni mtu gani?

Kazi imesimamishwa. Bwana Inbarasa amekwenda makao makuu kuandika maelezo, simu yake imezimwa. Geti la eneo la mabomu halina mlinzi. Na uwanja wa mama mkwe uko wazi, hauna hata kigingi kimoja.

Jumapili, 13 Januari

Nimemwambia mama mkwe asiende. Kwa nini? Nikasema ajali ya Suthi, nuksi. Akasema nuksi ya wenzio isinizuie mimi. Nikasema tusubiri wiki moja. Akanigeukia!

"Miaka mitatu unaniambia mama subiri. Nilisubiri kambini, nilisubiri kwenye hema, nimesubiri humu kwenye mabati. Wenye saini wametia saini. Wewe ni nani hata unizidi serikali?"

Jibu ninalo, ila litamwua kabla ya bomu. Nimwambie mwanao, huyu wa mwisho, uliyemlilia hadi ukafunga siku za Ijumaa ili arudi, ndiye aliyeutega uwanja wako?

Kugan hajala tangu Ijumaa. Nimemwambia kuhusu mvumo wa tano, yote. Alisikiliza. Aliniuliza kitu kimoja tu. Mkono upi.

Jumatatu, 14 Januari

Nimevunja chungu.

Makusudi. Nimekiangusha mlangoni nikajifanya nimejikwaa. Chungu cha Pongal, usiku wa kuamkia sikukuu! Mama mkwe alikaa chini kati ya vigae, akaviokota kimoja kimoja. Kisha akaniita majina ambayo sikujua anayajua. Akafunga sari vizuri, akaenda sokoni kwa miguu, akarudi na chungu kingine, kikubwa zaidi.

Amelala nacho kitandani.

Kugan ametazama yote haya akiwa mlangoni. Nimemwambia mbele ya kuku wote: kesho alfajiri ama utasema wewe ama nitasema mimi. Nitakwenda barabarani kwa askari na jina lako mdomoni. Sijui kama kweli ningekwenda. Sijui! Nampenda, na nimechoka.

Jumanne, 15 Januari. Uwanjani kwa mama mkwe

Naandika nimekaa ukingoni mwa kisima. Ni yeye Kugan kaniambia: leta lile daftari unaloficha kwenye gunia la mchele. Alijua! Andika kila ninachosema, nikipotea karatasi ibaki.

Alfajiri niliamka, chungu hakipo, mama hayupo, mume wangu hayupo. Nilikimbia peku. Niliwakuta hapa. Mama amesimama, chungu kiunoni, na mwanawe mbele yake amefungua mikono kama anayezuia ng'ombe. Mwanzo sikuusikia. Nilisikia mwisho. "... ni mimi, Mama. Kwa mikono hii."

Mama hakulia, hakupiga kelele. Alitua chungu chini, akakaa kando yake.

Kugan ameingia uwanjani na vigingi vyangu vyekundu. Hana kizibao cha kinga, hana kioo cha uso. Anahesabu kwa sauti, mimi naandika.

La kwanza: kutoka ukingo wa kisima, hatua sita mashariki.
La pili: hapo, hatua saba.
La tatu: hapo, saba.
La nne: kaskazini mwa ule mvumo mmoja, tatu. Kama alivyosema.
La tano, la sita: saba na saba.
La saba: saba. Amesita, amerudi nyuma nusu hatua, amechomeka.
La nane: saba.

Jua limeshatoka. Majirani wanachemsha, nasikia wakishangilia mbali huko, maziwa yao yamefurika. Askari wa kizuizi cha barabarani amekuja na baiskeli. Amesimama nyuma yangu na simu mkononi. Ameuliza yule ni nani. Nimesema ni mwenye uwanja.

Kugan amesimama. Ana vigingi vitatu mkononi na hatembei. Nimemwita mara mbili. Sasa amejibu. Matatu ya mwisho aliyapima kutoka kwenye mfenesi, na mfenesi haupo. Buldoza lilipita, kuna tuta pale, ardhi si ile. Anasema anakumbuka upande, hakumbuki umbali. Akikosea hatua moja analikanyaga.

Ameita, "Mama! Kutoka kisimani hadi kwenye mfenesi zilikuwa hatua ngapi?"

Mama anafuta mchanga ukingoni mwa chungu.

"Mama, tafadhali!"

Mama amesema hajui. Ndilo neno lake la kwanza tangu alipokaa. Hakuwahi kuhesabu. Miguu ndiyo iliyokuwa ikijua.

Askari ameuliza tena jina lake nani. Naandika.

Mama ameinuka. Amevua ndara. Nilidhani anataka kwenda nyumbani. Ameshusha ndoo kisimani. Anachota. Ndoo moja imejaa, anajaza ya pili. Nikamuuliza mama unafanya nini? Akasema lazima ziwe mbili na ziwe zimejaa, la sivyo hatua hazitakuwa zilezile. Upande ule hadi kwenye mfenesi hapana bomu, si amesema anapimia kuanzia pale? Nikamwambia hakusema hivyo, mama! Hakusema hapana bomu! Kasema hakumbuki!

Kugan anapiga kelele asije. Hawezi kumkimbilia, hajui akanyage wapi.

Nimemshika upindo wa sari kwa mkono wa kushoto. Ndoo ziko mikononi mwake. Hanivuti, hanipigi.

"Niachie, mwanangu," anasema. "Maji yanamwagika."