Komora, Uliyeona Maradufu

Mwaka umetimia, Komora Buya, tangu tukulaze katika udongo wa Idsowe, na Garsen bado wapo wanaokuita Komora wa Jasho. Waache waite. Leo tunaeleza jina hilo lilikotoka, ili anayelitamka ajue anasema nini.

Ulikuwa mkulima wa ukingo wa mto. Mpunga wako haukuingia ghalani kabla jirani mjane hajajaziwa ungo wake. Kisha akaja yule Mzungu wa vioo, akajenga banda la giza pale Garsen, akakuajiri kwa ajili ya macho yako. Mliunguza madini kwenye moto wa spiriti, mkapitisha mwanga katika kioo cha pembe tatu, mkapima ukali wa kila mstari wa rangi uliotokea. Kipimo kilikuwa vioo vya masizi. Kila kimoja kilikata mwanga nusu, nanyi mliongeza kimoja kimoja hadi mstari uzimike.

Chumvi ilitoa mistari miwili ya njano, bega kwa bega. Bwana huyo alitia kijiko kizima, yote miwili ikazimika kwenye kioo cha saba. Akaandika: sawa, yaani mistari yote miwili ina nguvu moja.

Siku moja ulitoka kupalilia, hukunawa, ukashika waya mtupu ukautia motoni. Njano ikawaka kwa chumvi ya jasho la vidole vyako tu. Bwana akacheka, wewe ukahesabu. Mstari mmoja ulizimika kwenye kioo cha tatu, mwenzake ukashikilia hadi cha nne. Kioo kimoja zaidi, basi mwanga maradufu. Ukarudia siku tisa kwa punje chache za chumvi, jibu likawa lile lile. Ukamweleza kwamba chumvi ikizidi humeza mwanga wake, na mstari wenye nguvu ndio humezwa zaidi, kama moto wa shamba unavyofichwa na moshi wake wenyewe.

Yeye alitaka alama ya dole lako katika kitabu chake cha vipimo, uwe shahidi wake.

"Macho yangu yameona maradufu, Bwana," ulimwambia. "Dole langu halitasema sawa."

Akakufukuza, akatangaza kwamba kipimo chake kimeharibiwa na jasho la mkulima. Mkeo akakutania nyumbani: umefukuzwa kwa kioo kimoja, baba Hasina?

"Kimoja, mama Hasina. Kikiondoka hicho, sikuona kitu."

Homa ilipokulaza, Bwana alileta dawa, na kitabu kikaja pamoja nayo. Ulikitazama, ukageukia ukutani. Dawa ikarudi Garsen na kitabu chake, na mahali pa dole pakabaki peupe. Tulilia, hatukukulaumu. Hatukulaumu hadi leo.

Tunaokukumbuka ni mkeo Mwanaarusi, binti yako Hasina, mdogo wako Tuneya, na mimi kaka yako Hiribae, niliyekuwa njiani kama kawaida yangu, nikafika udongo ungali mbichi.

Hutatutoka moyoni kamwe, Komora wa Jasho. Anayebisha na atafute vioo, atie chumvi kidogo motoni, ahesabu mwenyewe.