Gharama ya Mguu wa Mwashi

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo, mama? Kifua kimepona? Mama yako anakusalimu, tena analalamika kwamba huandiki. Mimi ni mzima wa kuonekana tu.

Tangu uliponieleza kazi yako mpya, ya kukadiria majeruhi wa ajali za magari wanapata hasara kiasi gani, moyo hautulii. Nakaa, nasimama, nazunguka nyumba mpaka mama yako ananiuliza nimepoteza nini. Unajua namfikiria nani. Yule mwashi niliyemgonga na lori miaka sita iliyopita akiwa kwenye baiskeli yake. Bima ililipa, wakili wa kampuni akaimaliza kesi, mimi nikaacha usukani. Siku ile alikuwa amezimia, kwa hiyo hata sura yangu haijui. Yangu mimi ni kupita mbali na mtaa wake.

Sasa niambie wewe mtaalamu: mguu wa mtu mnauhesabuje?

Baba yako


15 Machi

Shikamoo baba,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa, japo nina wasiwasi. Kifua kimepona, kikohozi kimehamia kwa bosi wangu.

Mguu wenyewe hatuupangii bei. Tunauliza hospitali ilitoza nini, nauli za kliniki zilifika wapi, siku ngapi hakufanya kazi, na aliporudi kama alifanya nusu au nzima. Tunauliza pia nani alimuuguza, na huyo aliacha kazi gani. Hapo wengi hukwama. Mke anaacha kazi miaka miwili amgeuze mume kitandani, halafu mume anatuambia hakuna gharama, ni mke wangu. Maumivu nayo yana safu yake, lakini pale hata sisi tunabahatisha.

Nakuwekea fomu moja uione. Uione tu, baba. Nakujua.

Binti yako


2 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi za hapa nyumbani, wote tu wazima. Fomu nimeijaza.

Usinikasirikie. Nilivaa shati nililovaa kwenye harusi ya dada yako, nikachukua faili, nikapiga hodi kwa mwashi. Nilikusudia kusema ukweli. Mkewe alipouliza natoka wapi, mdomo ukajibu wenyewe: ofisi ya takwimu za ajali. Wakanikaribisha, mke akanimiminia chai.

Soma mwenyewe. Miezi minane bila kazi, kisha akarudi kwenye ujenzi kama zamani. Mkewe alikuwa mpishi wa shule, akaacha kwa hiari yake, alikuwa amechoka. Maumivu: kidogo. Nilitoka pale nusura nicheze barabarani. Miaka sita najitesa bure!

Raha yenyewe haikufika nyumbani. Aliponisindikiza, alishika ukuta mpaka mlangoni. Anayepanda majukwaa ya ujenzi anashikaje ukuta sebuleni kwake? Basi, itumie fomu hiyo, labda itafaa.

Baba yako


10 Aprili

Shikamoo baba,

Mimi mzima wa mwili, ila nimekasirika, na sitaficha.

Fomu nimeifungia kwenye droo. Siwezi kuiingiza, kwa sababu yule mtu hakujua anamjibu nani. Bosi akisikia nimempa baba yangu fomu ya ofisi, nitarudi huko na mabegi yangu. Hata hivyo, kinachoniuma zaidi ni kwamba uliinywa ile chai. Rudi ukamwambie. Akikufukuza, akufukuze wewe mwenyewe, si mtu wa ofisi.

Binti yako


6 Mei

Baba, shikamoo,

Hali yako? Karibu mwezi sasa sijapata jibu. Mama anasema kwenye simu kwamba huli vizuri, na ukiulizwa unachukua kofia unatoka. Nisamehe kwa ukali wa maneno yangu, ila niliyoyasema siyarudishi. Ofisini naruka mistari, nafuta, naanza upya. Roho iko juu. Andika hata mstari mmoja.

Binti yako anayekupenda


21 Mei

Mwanangu mpendwa,

Natumaini u mzima. Sisi tupo, na jana nilikula, mama yako atakuthibitishia.

Mara tatu nilifika kwenye kona ya mtaa wao nikageuka. Jumatatu nikapiga moyo konde. Mkewe akasema, "Mtu wa ofisi amerudi." Nikamwambia, "Mimi si mtu wa ofisi, mama. Mimi ndiye dereva wa lile lori."

Alikuwa amebeba beseni la nguo. Akaliweka chini, akatoka nje. Nilidhani mwashi atanirushia fimbo yake, na ningeipokea.

Akauliza, "Ile karatasi iko wapi?"

Nikamwambia iko kwa binti yangu, imefungiwa.

"Mwambie aichane. Yale nilimwambia mgeni. Mgeni utamwambiaje kwamba miaka sita hujapandisha hata tofali moja? Kwamba mkeo alilia siku aliyoacha kazi, na leo anakuvalisha suruali? Kwako wewe sina cha kuonea aibu. Kaa hapo. Andika."

Hajanisamehe, mama, usije ukadhani. Hata maji sikupewa. Alianza na asubuhi ile ya ajali, alivyotia upepo kwenye tairi, ukuta wa nani alikuwa akienda kuumaliza. Nikiinua kichwa ananiambia niendelee. Leo ni siku ya tatu na bado hatujafika alipotoka hospitali. Mkono unaniuma. Kesho ananingoja saa tatu, na amesema nisichelewe.

Nitumie karatasi. Fomu usitume, tuma karatasi tupu, nyingi.

Baba yako