Honi Iliyotoka Barazani Kwetu

Shangazi mpendwa, nakuomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana mimi ni mtu wa aibu na jambo hili siwezi kumwambia mtu uso kwa uso. Nimemaliza Kidato cha Nne, niko nyumbani Merigi, na mwalimu wetu wa kwaya, Mwalimu Sagini, ana sinthesaiza ya vipande vipande, yaani kila kipande kina kazi yake na unaviunganisha kwa nyaya ndipo upate sauti, na nafasi moja ilikuwa wazi nikamwomba niijaze. Nikatengeneza kipande cha sauti nzito kwa sehemu za redio mbovu, uso wake nikaukata kwenye debe la mafuta ya kupikia, na Jumanne saa sita mchana nikakiunganisha na spika ya kanisa niliyoazima, hapo barazani kwetu, nikazungusha kitufe polepole nikitafuta besi, na sauti iliyotoka, Shangazi, ilikuwa honi ya lori la majani chai, ile inayotuita tupeleke chai tuliyochuma, huwezi kutofautisha. Majirani wote wakabeba magunia mbio hadi kituoni kupima, wakangoja juani mpaka saa kumi lori lilipofika, na karani alipofungua gunia la Mama akasema, "Mama, hii si chai, ni mboga imechemka." Wakamgeukia dereva, Mzee Ooko, kwamba anapiga honi halafu anaenda kulala, naye akaapa alikuwa bado kiwandani, hakuna aliyemwamini, na Jumatano ikatokea tena. Jumamosi kuna mkutano wa kumkataa, na ndiye dereva pekee anayengoja akina nyanya wanaotembea polepole. Nikisema ukweli, Mama atakitupa kipande changu chooni. Nifanye nini? Tafadhali usiandike jina langu.

Binti yangu,

Nilicheka mpaka nilipofika Jumatano. Ya Jumanne umeandika "nikazungusha kitufe". Ya Jumatano umeandika "ikatokea tena", kana kwamba kipande kilijiwasha chenyewe. Jumanne ilikuwa ajali, na nakupa pole. Jumatano ulitaka kuwaona wakikimbia, na walikimbia, hao akina nyanya wakiwemo.

Aibu yako siidharau, lakini imekufunga mdomo bila kukufunga vidole, na sasa mzee wa watu anafukuzwa kwa honi ambayo hakuipiga.

Nenda kwa Mzee Ooko kwanza, kabla ya Mama. Ukishindwa kusema, mwandikie. Kuandika unaweza, nimeona. Mpelekee kipande akisikie mwenyewe. Kisha mwachie Mwalimu Sagini akitunze, maana Mama hataingia kwa mwalimu kutafuta cha kutupa, na umwombe akusindikize nyumbani ukakiri. Jumamosi simama kando ya Mzee Ooko, hata ukiangalia chini. Na hiyo sauti uipandishe, isifanane na gari lolote linalopita huko.

Jina lako sijaliandika. Lakini gazeti hili linafika Merigi Ijumaa asubuhi, na wasichana wa huko wanaotengeneza honi kwa debe la mafuta nadhani ni mmoja. Kimbia.