Ejo Ipi?

Jumapili jioni, Mugoma. Mvua imetuachia matope na ubaridi. Miguu yangu michafu, moyo wangu mwepesi.

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia hapa kwamba hesabu ikishavuka mizani ya sokoni haina kazi tena kwa mkulima wa Ngara. Nilimjibu kwa ukali. Leo nina jibu bora, ila hasira zimenipungukia.

Baada ya misa jirani yangu Anselmi alinijia akitabasamu. Mdogo wake Godeliva, aliyeolewa Burundi, anakimbia vurugu za huko na mtoto mgongoni. Mama mmoja muuza ndizi alikuwa amempa Anselmi ujumbe mlangoni pa kanisa: "Dada yako, ejo, Kabanga." Kisha akaenda zake.

"Kwa hiyo kesho asubuhi naenda mpakani," Anselmi akasema.

"Kesho umeitoa wapi?"

"Ejo si kesho, Mwalimu?"

"Ejo ni jana pia!"

Akaacha kutabasamu.

Kwa wasomaji wa mbali: Kirundi, sawa na Kihangaza chetu, kina neno moja kwa jana na kesho. Msicheke. Chora mstari wa namba, leo iwe sifuri. Ejo ni hatua moja kutoka sifuri, kulia au kushoto. Kama ni chanya au hasi, kitenzi ndicho husema. Lakini ujumbe ule ulipita midomo mingi, ukatoka Kirundi ukaingia Kiswahili, na kitenzi kikaanguka njiani. Anselmi alibaki na moja isiyo na alama.

Na alama ndiyo ilikuwa kila kitu.

Wanaovuka Kabanga hupandishwa mabasi kwenda kambini, na kambi siyo moja. Godeliva akiondoka bila kuonana na ndugu, utaanza kumtafuta wapi?

"Angekuwa amevuka jana, mtu angesema amefika," Anselmi akabisha.

"Mtu kasema. Kasema ejo."

"Wewe unapenda ubishi tu."

Napenda. Lakini pale nilikuwa napima. Tukienda leo na yeye anakuja kesho, tumepoteza nauli na viatu. Tukingoja kesho na yeye alivuka jana, tumempoteza mtu. Makosa ni mawili, uzito hautoshani. Hiyo nayo ni hesabu, bwana wa mizani! Wanaume wa hapa wanajua tofauti ya mabao ya ligi nzima, mpaka ile timu ya mkiani yenye hasi, halafu wananiambia namba hasi haziwahusu.

Tukapanda pikipiki moja, mimi, Anselmi na dereva. Ukweli ni kwamba sikuwa na uhakika wowote. Nilikuwa na sauti kubwa na hofu.

Kabanga tulikuta basi limeshawashwa, watu wamejaa. Anselmi alilizunguka dirisha kwa dirisha akiita jina. Kutoka nyuma kabisa ikajibu sauti ya kukaripia:

"Nilisema ejo! Ulikuwa wapi?"

"Ejo ipi, we Godeliva?"

"Ejo ya Ijumaa!"

Alikuwa ametuma ujumbe Ijumaa, akimaanisha kesho yake, Jumamosi. Kumbe Anselmi alikuwa sahihi juu ya neno, mimi sahihi juu ya siku, na hakuna kati yetu aliyeuliza sifuri iko wapi. Sijawahi kufurahi hivyo kwa ubishi ambao sikuushinda.

Godeliva akanikumbuka. "Shikamoo, Mwalimu. Bado unagombana na watu?"

"Marahaba. Leo nimegombana na kaka yako."

"Umefanya vizuri."

Anselmi alimpokea mtoto dirishani, akamnusa kichwani, akamrudisha. Akauliza jina la kambi, akawa analirudia kama mwanafunzi anayekariri jedwali la kuzidisha.

Basi likaondoka. Godeliva akatoa mkono nje, akapaza sauti kama Warundi wanavyoagana, yaani tutaonana kesho:

"N'ejo!"

Safari hii hakuna aliyeuliza ipi.